Karatasi Ikishakunjuliwa: Origami Darasani Inafundisha Nini?

Mwalimu anayeipenda origami akitaka kukushawishi, hukuonyesha ndege: korongo wa karatasi, mabawa mawili, shingo na mkia, amesimama mezani bila gundi wala mkasi. Anayeipinga naye humnyooshea kidole ndege huyohuyo na kukuuliza: haya, mtoto amejifunza hesabu gani hapa? Nimefundisha hisabati muda wa kutosha kuamini kwamba wote wawili wanatazama pasipo. Mchukue korongo huyo, mkunjue mpaka karatasi irudi kuwa mraba, kisha uiinue kwenye mwanga wa dirishani. Ile mistari iliyobaki ndiyo somo. Swali la kama origami inastahili nafasi kwenye kipindi linaanzia hapo.

Jina ni la Kijapani: ori ni kukunja, kami ni karatasi. Kitendo chenyewe si kigeni kwetu. Ni nani hajachomoa ukurasa wa katikati wa daftari akaunda mashua mvua ilipokuwa inatiririka mferejini? Muuza karanga hukunja kipande cha gazeti kikawa koni kwa kupepesa macho. Mama anayefunga sambusa huchukua ukanda wa manda, akageuza kona juu ya kona, pembetatu juu ya pembetatu, mpaka nyama ikafungika ndani. Kwa hiyo hoja kwamba tunaingiza darasani utamaduni wa watu wengine hainipi shida. Hata Japani kwenyewe mambo yalichanganyika. Walikuwa na makorongo yao tangu zamani, na kitabu cha kukunja makorongo yaliyoshikana kutoka karatasi moja kilichapishwa huko mwaka 1797. Lakini kukunja karatasi kama kazi ya darasani kwa watoto wadogo kulipewa nguvu na njia za Mjerumani Friedrich Fröbel, zilizofuatwa katika chekechea iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1876.

Fröbel alifungua kituo chake cha watoto Bad Blankenburg mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akakipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Kukunja karatasi kulikuwa miongoni mwa kazi za mikono alizowapa. Alitofautisha mikunjo ya kuonyesha kweli za jiometri, mikunjo ya kuunda vitu vya maisha ya kila siku, na mikunjo ya mapambo. Alipofariki mwaka 1852 aliacha wafuasi wengi, na baadhi yao waligeuza kazi hiyo kuwa kwata: mwalimu anakunja, watoto wanaiga, hatua kwa hatua, hadi mwisho. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanamageuzi wa elimu, Ulaya na Japani pia, wakaanza kulalamika kwamba mtoto wa namna hiyo hajabuni chochote, amefuata amri tu. Lawama hiyo ina umri mrefu na bado ni ya haki.

Nimeionja mwenyewe. Kidato cha kwanza, wanafunzi sabini na ushee, kipindi cha dakika 40, nami nikachagua korongo. Tulipofika mkunjo wa tisa nusu ya darasa walikuwa wameshapotea. Wa mbele waliniita mezani kwao, wa nyuma wakanakili makosa ya jirani. Kengele ilipolia tulikuwa na makorongo kumi na moja, na neno pembe halikuwa limetamkwa hata mara moja. Andalio langu la somo lilisema mwanafunzi ataweza kueleza sifa za pembetatu. Hakuna aliyeeleza.

Wiki iliyofuata nilirudi na mikunjo miwili tu. Karatasi ya A4, ile ya kawaida ya kuchapia, ina milimita 210 kwa 297. Leta ukingo mfupi uulalie ukingo mrefu, bonyeza, kisha fungua. Umepata mstari unaotoka kwenye kona na kukata mshazari. Sasa chukua ukingo mrefu unaoanzia kona ileile, uukunje ulale juu ya mstari huo. Vinalingana, mwanzo kwa mwisho. Darasa lilinyamaza, halafu likaanza kukunja tena kuhakikisha. Mstari ule ni ulalo wa mraba wenye upande wa 210, na kwa Pythagoras urefu wake ni 210 mara kipeuo cha pili cha 2, ambayo ni 297 ukikadiria. Hicho kipeuo, ambacho kitabuni ni 1.414 na vitone visivyoisha, kilikuwa kimeshikwa mikononi na watoto sabini. Kisha msichana mmoja akaikunja A4 yake katikati na kuuliza kama kipande kidogo nacho kingefanya vilevile. Kinafanya. Karatasi za mfululizo wa A zimepimwa hivyo makusudi, ili nusu ya kila moja ibaki na umbo la mama yake.

Upo mkunjo mwingine ninaoupenda kuliko huo, na umepewa jina la Kazuo Haga, mwanabiolojia wa Kijapani. Chukua karatasi ya mraba. Weka alama katikati ya upande wa juu. Inua kona ya chini kulia uifikishe kwenye alama hiyo, kisha bonyeza. Mkunjo mmoja tu. Pembetatu iliyojitokeza kwenye kona ya juu kulia ina pande zenye uwiano wa 3, 4 na 5, ileile ambayo mafundi ujenzi huitumia kupata pembe mraba kwa kamba. Ukisema upande wa mraba ni 8, nusu yake ya juu ni 4, na mwanafunzi anaweza kutafuta zile mbili zilizobaki kwa mlinganyo mwepesi. Halafu tazama kushoto: ukingo wa chini uliopanda umeukata upande wa kushoto kwenye theluthi kamili. Umegawa karatasi katika tatu bila rula. Mtoto anayehangaika na sehemu tangu darasa la nne anaiona theluthi ikizaliwa kutoka kwenye nusu, jambo ambalo ubaoni ningelichora mara kumi bila kumgusa.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wa Tanzania wanapaswa kuizungumza wazi. Mwanafunzi wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza kila kitu hugeuka kuwa Kiingereza. Kwa miezi kadhaa hisabati inakuwa mtihani wa lugha. Karatasi haina lugha. Yule asiyeweza kusema sentensi moja ya Kiingereza anaweza kuinua mkunjo wake na kuuonyesha, na akishajua kwamba anajua, maneno hufuata. Nimeona wanafunzi walionyamaza muhula mzima wakisimama kubishana kuhusu mkunjo.

Sasa upande wa pili, na siupuuzi.

Kwanza, kuona si kuthibitisha. Kata pembetatu ya karatasi, kunja kipeo cha juu kiguse kitako, mkunjo ukiwa sambamba na kitako, kisha kunja pembe mbili za pembeni zikutane hapohapo. Pembe tatu zinajipanga kwenye mstari mnyoofu, nyuzi 180. Inapendeza mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto ameona pembetatu moja, karatasi yenye unene, mkunjo uliokosea milimita mbili, na anaondoka akiamini amethibitisha pembetatu zote za duniani. Mwenye pembetatu yenye pembe butu akianza na kipeo kisicho sahihi, mambo hayakubali kabisa, naye anadhani kanuni imevunjika. Mwalimu asiyeyajua haya atajikuta anafundisha mazingaombwe. Mwenye kuyajua anapata nafasi ya kuuliza ni kwa nini inakubali, na uthibitisho ukaanza.

Msidhani ninaidharau hisabati ya kukunja. Mwaka 1837, mwaka uleule Fröbel alipofungua kituo chake, Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba rula na bikari haviwezi kugawa kila pembe katika sehemu tatu sawa. Mwaka 1936 Margherita Beloch wa Italia akaonyesha kwamba kukunja karatasi kunaweza kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, na kwa hiyo kugawa pembe kwa tatu kunawezekana. Karatasi inafika pasipofikika kwa bikari. Akira Yoshizawa, bwana mkubwa wa origami wa karne iliyopita, naye alipokuwa kiwandani alitumia mikunjo kuwafundisha wafanyakazi vijana jiometri. Kina kipo. Ninachohoji ni kama darasa letu linakifikia.

Utafiti nao unatutaka tuwe na kiasi. Norma Boakes wa Marekani alichapisha mwaka 2009 matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa darasa la saba waliochanganyiwa masomo ya origami na wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kwa jumla origami ilifaa sawa na njia ya kawaida. Haikuwapotezea, wala haikuwapaisha. Watetezi wanayasoma matokeo hayo kama ushindi, wapinzani kama kushindwa. Mimi nayasoma hivi: mwalimu anayeahidi kwamba alama zitapanda kwa sababu ya karatasi anaahidi asichonacho.

Halafu kuna hesabu ya shule yenyewe. Mwanafunzi mmoja karatasi moja, darasa la 90 karatasi 90, mikondo sita, na rimu ina karatasi 500. Haitoshi hata kipindi kimoja kwa mikondo yote. Kenya waliona mtaala wa umahiri ulivyoleta manung'uniko ya wazazi kila walipotakiwa kununua vifaa vya kazi za mikono, na Tanzania, iliyoanza kutumia mtaala wake ulioboreshwa Januari 2024, haina sababu ya kurudia njia hiyo. Origami ikigeuka agizo la kila mzazi kununua karatasi za rangi, nitakuwa wa kwanza kuipinga. Lakini stoo za shule nyingi zimejaa mitihani ya zamani iliyochapwa upande mmoja, na gazeti likikatwa mraba linatosha kabisa kwa theluthi ya Haga. Karatasi laini ya rangi inahitajika kwa ndege mzuri. Mstari mnyoofu hauihitaji.

Kwa hiyo ninasimama upande wa kuiingiza, kwa masharti ambayo wapenzi wa ndege hawatayafurahia. Mikunjo isizidi mitano kwa kipindi. Kila karatasi ifunguliwe kabla kengele haijalia, mistari ipigwe kalamu, vipimo viandikwe juu yake, na ibandikwe daftarini kama mchoro mwingine wowote. Korongo aende kwenye klabu ya mchana, ambako mtoto ana muda wa kukosea mkunjo wa tisa na kuurudia. Na mwalimu akunje nyumbani usiku uliotangulia, kwa karatasi ileile watakayotumia watoto, kwa sababu gazeti halikunjiki kama A4.

Kinachobaki kigumu ni mtihani, maana kisichoulizwa huachwa, na walimu wenzangu wananiambia hivyo kila mwaka. Lakini hakuna kinachozuia swali kama hili kuwekwa kwenye mtihani wa muhula: Karatasi ya mraba ina upande wa sentimita 12. Kona yake ya chini kulia imekunjwa ikagusa katikati ya upande wa juu. Tafuta pande zote tatu za pembetatu iliyojitokeza kwenye kona ya juu kulia, na ueleze ulivyopata. Atakayekwama aruhusiwe kuchomoa ukurasa na kukunja.