Mpigie Bingwa Simu, Hata Iwe Saa Nane Usiku

Jumatatu, kwenye ripoti ya asubuhi, kikao cha madaktari cha kupitia kazi za usiku, nilimwona daktari mtarajali, yaani aliyetoka chuo na bado anafanya kazi chini ya usimamizi, aliyeanza kazi wiki 3 tu zilizopita, akisimamishwa mbele ya watu na kugombezwa. Kosa lake: alimwamsha daktari bingwa saa nane usiku kwa ajili ya mama aliyejifungua na kuvuja damu. Mama yule yuko hai, ananyonyesha. Kijana akagombezwa hivyo hivyo. Hasira yangu haijashuka mpaka leo.

Wadogo zangu mnaoanza utarajali, nawaomba hili moja: pigeni simu. Mnafanya kazi kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari, na maana yake ni kwamba mnatakiwa kuwa na msimamizi. Kumwita ni haki ya mgonjwa. Damu ya uzazi haisubiri pakuche. Anza wewe: ita wakunga, sugua mfuko wa uzazi, toa oksitosini ya kukaza mfuko huo, weka kanula 2 nene za mshipani, agiza damu. Shuka likilowa tena na mfuko bado laini mkononi, piga. Usianze na samahani. Sema damu kiasi gani imetoka, presha na mapigo yakoje, umeshafanya nini, unataka aje. Halafu andika saa uliyopiga kwenye faili.

Na wasikilizeni wakunga. Mwaka wangu wa utarajali nilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba. Nilishamwandikia magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 kila baada ya saa 4, nikijiona nimeiva. Dozi ilipofika, sindano imeshavutwa, mkunga mmoja mtu mzima akaniuliza taratibu: "Dokta, goti umeligonga?" Sikuwa nimeligonga. Nikagonga, mguu haukucheza, dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Nikahesabu pumzi, 10 kwa dakika. Mfuko wa mkojo ulikuwa karibu mtupu. Ile dozi ingemzima pumzi kabisa. Tukaizuia, tukampa kalsiamu ya kuipinga, nikapiga simu, na daktari mkubwa alifika na kandambili miguuni. Hakunigombeza. Alikaa nami pembeni ya kitanda mpaka mguu ulipocheza tena, na tangu siku hiyo sijawahi kuidunga dawa ile bila kugonga goti kwanza.

Najua mabingwa nao wanachoka. Nazijua hospitali ambako bingwa wa uzazi ni mmoja, usiku na mchana, na hapo lawama ya kwanza si yake. Lakini uchovu wake asiutue kwa mtoto wa mwenzake mbele ya wodi nzima.

Mengine kwa ufupi. Kula kabla ya zamu. Posho ikichelewa, daini pamoja. Sindano ikikuchoma, anza dawa kinga ya VVU siku hiyo hiyo, maana zikipita saa 72 umechelewa, usione haya.

Yule kijana nilimtafuta Jumatatu hiyo hiyo mchana, nikampa namba yangu. Alhamisi usiku alibaki na mgonjwa wa pumu ambaye nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa, haikumsaidia. Alihangaika naye peke yake kuanzia saa tisa mpaka kulipokucha, bila kumpigia mtu yeyote. Mgonjwa amepona, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga, aliinamisha kichwa.

"Niliogopa ripoti, dokta."