Programu ya watoto ambayo haijawahi kushikwa na mtoto

Juma lililopita nilialikwa kwenye jopo la kutathmini miradi ya mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tuliona mfumo wa mahudhurio, mfumo wa zahanati, kisha mfumo mwingine wa mahudhurio. Akasimama kijana mmoja na programu ya kufundisha kusoma watoto wa miaka minne na mitano. Imepangika vizuri, rangi zinavutia, inafanya kazi bila intaneti. Nikaifungua. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Karibu! Bonyeza kitufe cha kijani ili kuendelea."

Nikamuuliza: mtoto ambaye hajajua kusoma atajuaje abonyeze nini? Kimya. Nikamuuliza ni watoto wangapi wameshaitumia. Akajibu kwamba ameijaribu na wanadarasa wenzake na wote wameifurahia. Wenzangu kwenye jopo wakampa alama za juu, nami nikatoka na hasira ambayo hadi leo haijapoa.

Hasira yangu haimhusu kijana yule. Ana akili na amejituma. Inatuhusu sisi tuliomsomesha miaka yote hiyo kanzidata, mitandao na usanifu wa kurasa, tukamwacha achague mtoto kuwa mtumiaji wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia: nenda kakae na watoto kwanza.

Tusiseme jambo hili ni geni kwetu. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga. Programu tano zilizofika fainali zilikaa mikononi mwa watoto hao kwa miezi 15, kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni, Kitkit School, timu ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion ya Uingereza na Kenya wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Sina kinyongo nao, walistahili. Lakini ilibidi watu wavuke bahari kuja kuwatazama watoto wa Tanga wakigusa kioo, na sisi tunaoishi na watoto hawa mtaa mmoja tunajaribu programu zetu kwa vijana wa miaka 23.

Kumtazama mtoto ni taaluma, na taaluma hiyo tunayo vyuoni. Wanafunzi wa elimu ya awali na makuzi ya mtoto wanafundishwa kazi hiyo kabisa. Mwaka jana niliongozana na binti mmoja wa fani hiyo hadi darasa la awali la shule moja ya msingi huko Mbagala. Alikaa mkekani, daftari mapajani, akimwangalia mtoto mmoja tu mwenye kishikwambi. Nilichungulia alichoandika: "Saa 3:10. Amegusa picha ya kuku mara tatu. Hakuna kilichotokea. Amemtazama jirani yake. Amegusa kwa kiganja chote. Amekipindua kifaa, ametazama mgongoni." Nikamnong'oneza, "Si uandike tu amechoka?" Akatikisa kichwa. "Hapana kaka, hilo ni la kwako. Mimi naandika alichofanya."

Sentensi zake hizo chache zilikuwa na mafunzo mengi kuliko ripoti nyingi za miradi nilizosoma. Mtoto aligusa kuku kwa sababu kuku ndiye aliyemvutia, na kitufe kilikuwa pembeni kabisa. Alitumia kiganja kwa sababu vidole vya umri ule havijatulia. Ukimwambia aburute herufi kutoka huku hadi kule, itamponyoka njiani, lakini kugusa mara moja anaweza. Alimtazama jirani kwa sababu darasani watoto hujifunza kwa kuchunguliana. Mambo haya huyaoni ukiwa umejifungia bwenini na Figma, ile programu ya kuchorea kurasa. Wala huoni kwamba mtoto anayefundishwa ba, be, bi, bo, bu na mwalimu wake anachanganyikiwa programu inapomwanzishia A ya "apple", tunda ambalo huenda nyumbani kwao haliingii hata sikukuu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wanafunzi wa kompyuta na ya wabunifu iunganishwe na ya wanafunzi wa malezi na makuzi, kwa yeyote anayetaka kutengeneza kitu cha mtoto. Waende wawiliwawili, darasa moja, wiki zilezile. Mmoja aandike anachofanya mtoto, mwenzake arekebishe programu jioni, kesho yake warudi. Hata umbali si kisingizio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya TEHAMA Kijitonyama na Shule Kuu ya Elimu Mlimani, safari fupi ya daladala. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma wako kwenye chuo kimoja kilekile. Sasa hivi mwanafunzi wa kompyuta anamaliza wiki nane za fildi akitoa fotokopi na kubadilisha wino wa printa, halafu supavaiza anamgongea muhuri kwenye logibuku kana kwamba amejifunza kazi.

Nimeshaambiwa kwamba si kila mtu aruhusiwe kuingia na simu kwenye darasa la watoto. Haya, kwa hilo nakubali, ingawa mara nyingi linasemwa na watu wasiotaka tu kuhangaika. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ridhaa ya mzazi si jambo la kuruka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka huyu wa kompyuta na mwenzake aliyekwisha fundishwa namna ya kukaa na watoto, asiende peke yake akaanza kupiga picha.

Hela ya fildi haitoshi, hilo linajulikana na linahitaji makala yake. Vifaa navyo si kikwazo kikubwa tena. Baada ya sensa ya 2022 walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa hiyo.

Alama nazo zibadilike. Mradi wowote unaodai kuwa wa watoto uje na daftari la uchunguzi, na jopo lilisome kabla ya kufungua kompyuta. Kama daftari halipo, mwanafunzi arudi kwenye darasa la watoto, hata kama msimbo wake hauna kasoro.

Na ninyi walimu wakuu wenye madarasa ya awali, tafadhali wapokeeni vijana hawa. Waulizeni barua ya chuo, wakabidhini kwa mwalimu wa darasa, na siku mbili za kwanza wasitoe kifaa chochote mfukoni. Wakae mkekani na watoto, waimbe nao, wajue majina yao.