Anayesema "ni jambo la wazi" aonyeshe uwazi wenyewe

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Masasi. Alitengeneza mashine ya kubangulia korosho, ya kukanyaga kwa mguu, akaweka springi juu ya kisu ili korosho ndogo ikifuata kubwa usihangaike kukirekebisha upya. Kina mama wanaobangua wanaielewa shida hiyo. Kisu kikizidi kushuka punje inapasuka, na punje nzima ndiyo yenye bei. Hapo mafuta ya ganda yanakuunguza vidole, hata ukijipaka majivu.

Tukaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Jibu la mkaguzi wa maombi lilikuja na mistari miwili: springi inajulikana, kisu kinajulikana, kwa hiyo kuviunganisha ni jambo la wazi kwa fundi yeyote. Basi.

Nimeisoma barua ile mara nyingi na bado inaniuma. Springi inajulikana, sikatai. Lakini je, ni nini kingemsukuma fundi aiweke pale, kwa kazi ile? Hilo halikuguswa. Kitu ukishaonyeshwa, ni rahisi kudhani ungekifikiria mwenyewe.

Sheria yetu ya hataza ya 1987 inadai uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi (yaani usiwe jambo la wazi kwa fundi wa kazi hiyo), na uweze kutumika viwandani. Ni haki kabisa. Ninachouliza ni nani anaanza kuthibitisha. Kule Marekani, mahakama ya rufaa katika shauri la mwombaji hataza aitwaye Oetiker, mwaka 1992, ilisema mzigo wa kwanza ni wa mkaguzi: alete ushahidi na sababu, ndipo mwombaji adaiwe majibu. Mwaka 2007, katika shauri la kampuni za KSR na Teleflex kuhusu pedali ya gari iliyofungwa kihisi cha kielektroniki, Mahakama ya Juu ya huko ilirahisisha kukataa madai ya kuunganisha vitu vinavyojulikana, na mwenye hataza akashindwa. Hata hivyo ilitaka sababu zielezwe bayana, kauli tupu haitoshi.

Najua hukumu za Marekani hazimfungi mkaguzi wa Tanzania. Lakini mtu aliyetumia miezi kwenye karakana anastahili kuambiwa ni mashine ipi ya zamani iliyomtangulia, na kwa nini.

Tumejibu kwa kuuliza hayo mawili tu. Mjomba ameambatanisha picha: sinia la punje zilizobanguliwa kabla ya springi, na la zilizobanguliwa baada yake.