Bwawa lililochafuka: tuanzie majini au mtaroni?

Wakazi wanaoamua kuliokoa bwawa lililochafuka huanzia pale macho yanapoona: huzoa takataka ukingoni, hung'oa magugu maji na, pesa zikipatikana, hukodi mtambo wa kuchimba tope. Wataalamu wengi wa maji huwashauri waanzie kwingine, kwenye mitaro na mashimo ya vyoo yanayoliingizia bwawa uchafu, na mara nyingi pande hizi mbili huachana bila kuelewana.

Hoja ya wataalamu ina ushahidi mzito. Fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye mbolea, kinyesi na sabuni hustawisha mwani. Mwani ukifa huozeshwa na bakteria, nao bakteria humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mwaka 1973, nchini Kanada, mwanasayansi wa maziwa David Schindler na wenzake waligawa Ziwa 226, ziwa dogo la majaribio, kwa pazia, wakatia kaboni na naitrojeni pande zote mbili lakini fosforasi upande mmoja tu, na ni upande huo uliogeuka kijani. Huko Seattle, Marekani, maji taka yaliyokuwa yakiingia katika Ziwa Washington yalielekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, na ndani ya miaka michache maji yakaanza kung'aa bila ziwa kuchimbwa.

Hata hivyo, Ziwa Washington lina kina kirefu, na bwawa halina. Fosforasi iliyolala katika tope la bwawa hupanda tena majini, hasa oksijeni inapoisha chini, hivyo maji yanaweza kubaki kijani kwa miaka mingi baada ya mitaro kuzibwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ziwa Trummen nchini Uswidi, ambalo halikupona mpaka tope lake la juu lilipoondolewa mwaka 1970 na 1971. Wanaodai mtambo, kwa hiyo, si watu wasiojua wanachosema.

Kung'oa magugu nako kuna faida, mradi yapelekwe mbali. Yakirundikwa ukingoni, mvua hurudisha majini kila kilichotolewa. Tena si kila mmea ni adui, kwa kuwa mimea inayoota chini ya maji hushikilia tope na kuwaficha wadudu wadogo wanaokula mwani. (Maji yakiwa na utando kama rangi ya kijani iliyomwagika, mtu yeyote asiingie, kwani baadhi ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, hutoa sumu.)

Mimi nasimama na wanaosema mitaro kwanza, lakini sikubali kwamba kazi hiyo ni ya serikali peke yake. Afisa anaweza kuandika amri. Anayejua ni bomba la nani linalofunguliwa usiku ni jirani. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kushika jembe, kwa sababu inamlazimu mtu kumkabili mwenzake anayeonana naye kila siku, na mara nyingi huyo mwenzake ni mnyonge ambaye shimo lake limejaa na hana uwezo wa kulijenga upya. Kumtoza faini hakutaziba shimo. Naona ni haki, na pia ni nafuu kwa bwawa, kwamba sehemu ya michango inayokusanywa kwa ajili ya mtambo itumike kwanza kujenga mashimo ya kaya kama hiyo, hata kama kazi hiyo haionekani kutoka ukingoni.

Wakati huo huo wakazi wapime uangavu wa maji. Kisahani cha Secchi, chenye robo nyeusi na nyeupe, huteremshwa kwa kamba iliyotiwa alama hadi kisionekane, na kina hicho huandikwa daftarini kila wiki, mahali pale pale na saa ile ile. Ikiwa miaka miwili au mitatu baada ya mitaro kuzibwa kisahani bado kinapotelea kina kile kile, basi yaelekea fosforasi inatoka ndani ya bwawa lenyewe. Hapo tope lipimwe, na mtambo ukodiwe.