Sikuandika Barua ya Mapenzi Ukutani

Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa heshima ya mama yake sitamtaja, ameshawatangazia walimwengu kwamba Jumapili nilisimama mbele ya chama chetu katika ukumbi wa kanisa kule Umoja nikamposa mweka hazina kwa projekta. Habari hiyo imemfikia hata shangazi yangu wa Kitale, naye amepiga simu kuuliza wanahitajika mbuzi wangapi. Niacheni basi niieleze mwenyewe, kwa sababu chanzo cha yote ni kadi ya pili ya michoro, yaani kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za skrini.

Kipakatalishi changu kina kadi mbili: ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haili umeme mwingi, na ile ya NVIDIA, ambayo huitwa panapokuwa na kazi nzito. Kwa kuwa stima mtaani kwetu hupotea bila kuaga, zamani niliiwekea Linux, mfumo unaoendesha mashine yangu, mafaili mawili, moja la kuzuia draiva ya kadi ya pili, yaani programu inayoiendesha, isipakiwe yenyewe mashine inapowaka, na jingine la kuruhusu kadi hiyo ikatiwe umeme isipotumika. Betri ikadumu, nikajiona fundi. Lakini katika vipakatalishi vingi vya aina hii, changu kikiwamo, tundu la HDMI, la kuchomeka waya wa projekta, limeunganishwa na kadi ya pili moja kwa moja, kwa hiyo kadi ikilala, tundu nalo halina habari na mtu. (Wenzangu wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, msicheke mapema. Nanyi mna mafaili yenu.)

Siku hiyo nilikuwa na mchoro wa nyumba za kupangisha tunazotaka kujenga Kitengela, niliouchora kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, hadi matangi ya maji ya juu ya paa. Nikachomeka waya, projekta ikaandika kwamba haipokei chochote, wanachama wakaniangalia. Mama mwenyekiti akasema, "Kijana wetu apewe nafasi, mitambo ina mambo yake," kauli ambayo kwa kawaida hutangulia mazishi ya mradi.

Nikafungua dirisha la amri, nikakuza herufi kwa kuwa miwani ilibaki nyumbani, nikauliza mfumo unaona skrini ngapi. Ukaniambia moja. Hapo nikakumbuka yale mafaili. Kwa bahati njema, orodha ya kuzuia hukataza draiva kupakiwa yenyewe tu, wala haimkatazi mtu kuipakia kwa mkono kwa amri ya modprobe. Nikaandika sudo modprobe nvidia (sudo ndiyo huomba ruhusa ya msimamizi wa mashine), nikaulizwa nenosiri, nikaliandika bila herufi hata moja kuonekana, kama ilivyo desturi ya sudo. Projekta haikutikisika. Ilibaki sehemu ya pili ya draiva, nvidia-drm, ambayo ndiyo ingeifungulia Linux yale matundu, nayo nikaiandikia amri yake, nikiiongezea modeset=1.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Sudo ikishakujua hukuamini kwa muda, na katika Ubuntu muda huo ni dakika 15, kwa hiyo mara ya pili haikuniuliza chochote. Vidole vyangu havikungoja kuulizwa. Huku macho yangu yakiwa kwenye taa ya projekta na tabasamu langu likiwa kwa wazee wa safu ya mbele, vilibofya kitufe cha kuingiza, vikaandika nenosiri lote kwa ufasaha, vikabofya tena. Draiva ikapakiwa. Kadi ikaamka. Feni ikavuma. Projekta, ambayo tangu mkutano uliopita ilikuwa imewekwa ionyeshe kilekile kilichoko kwenye skrini yangu, ikapepesa buluu, ikapepesa nyeusi, kisha ukuta mzima ukajaa maneno haya kwa herufi za ukubwa wa sahani: nitamuoamwekahazina2024. Chini yake bash, programu inayopokea amri, ilikuwa ikilalamika kwamba amri hiyo haijulikani.

Ukumbi ulinyamaza kwa sababu maneno yalikuwa yameshikana, na kila mtu alikuwa akiyatenganisha kimoyomoyo. Mama mwenyekiti ndiye aliyeyatenganisha kwa sauti, silabi baada ya silabi, kidole chake kikifuata ukuta: "Ni-ta-mu-o-a..." Akatua. Akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. "...mwe-ka-ha-zi-na." Nilijaribu kufunga dirisha, lakini mkono ulibofya palipofungua jingine, nalo pia likaonekana ukutani. Mzee mmoja wa nyuma akauliza iwapo 2024 ni mwaka wa harusi, na kama ndivyo, mbona yeye hakuchangishwa. Mwingine akamjibu kwamba mwaka huo umeshapita na huenda muda wa ofa umekwisha. Mweka hazina alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, daftari la michango limefunguliwa mapajani, kalamu imesimama hewani.

(Kwa wanaoniambia kwamba hakuna aliyewahi kuumia na Linux namna hii: mwaka 2011 skripti ya kusakinisha Bumblebee, programu ya kadi mbili hizihizi, ilikuwa na nafasi moja iliyozidi ndani ya amri ya kufuta, ikawafutia watu saraka nzima ya /usr, inamokaa sehemu kubwa ya programu za mfumo. Mimi nimefutiwa heshima tu.)

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mchoro ulionyeshwa, matangi yakasifiwa, ujenzi ukapitishwa, nenosiri nimelibadilisha na hamtaambiwa. Katibu aliliingiza jambo lenyewe kwenye kumbukumbu chini ya Mengineyo, neno kwa neno, mwaka ukiwamo. Mweka hazina alingoja hadi sala ya kufunga iishe, akaja nilipokuwa nikikunja waya, akageuza daftari nilione vizuri, akaweka kalamu kwenye mstari wenye jina langu. "Kaka," akasema kwa sauti ileile anayowaambia wengine, "kabla ya mengine yote, mchango wako wa mwezi uliopita bado haujaingia."