Kodi ya afya tunalipa tayari, ila tunailipia WhatsApp

Jumamosi nilikwenda duka la dawa hapa Leeds kuchukua pampu ya pumu ya mwanangu. Mbele yangu mzee mmoja wa Kiingereza anafoka: amesubiri dakika ishirini, kodi zote anazokatwa zinakwenda wapi? Mimi nikapewa pampu bila kutoa senti, maana Uingereza mtoto chini ya miaka 16 halipii dawa. Natoka nje, simu inalia. Kundi la ukoo.

"Ndugu wanafamilia, mama mdogo amelazwa, upasuaji ni milioni mbili na laki nne." Chini yake orodha: ahadi huku, taslimu kule. Namba 7 ni binamu yangu, dereva wa bodaboda Mbagala. Ahadi 20,000, taslimu 5,000. Ni mara ya tatu mwaka huu jina lake linakaa kwenye orodha ya namna hii. Ile 5,000 imenikaa kifuani mpaka leo.

Ukitamka "tuongeze kodi kwa ajili ya hospitali", Dar nzima inakurukia. Jamani, ile orodha ni nini kama si kodi? Tena kodi mbaya kuliko zote: inakusanywa mgonjwa akiwa kitandani tayari, wa bodaboda anabanwa sawasawa na mwenye ghorofa Mikocheni, na anayepona ni mwenye ukoo mkubwa. Kitanda cha pili kutoka kwa mama mdogo kuna mama katoka Rufiji na binti yake mmoja. Hana kundi. Siku nne anasubiri hela ya kipimo.

Najua mtakachosema: huyo kashapanda ndege, sasa anatufundisha. Mimi mtoto wa Temeke. Nimesimama dirisha la malipo na kontrol namba mkononi huku marehemu baba amekaa kwenye benchi anahema. Wala huku si peponi. Goti utasubiria miezi. Wageni wenye viza tunalipia afya pauni 1,035 kwa mwaka, tunazitanguliza kabla viza haijatoka, na juu yake mshahara unakatwa kodi ya mapato asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8. Inauma kila mwezi. Lakini inauma nikiwa mzima, na mama wa Rufiji wa huku anatibiwa kwa hiyo hiyo.

Wala sidharau mchango. Jirani yangu hapa alilazwa wiki mbili, sikuona mtu akienda hata na uji. Sisi kwa siku mbili tumefikisha milioni moja na nusu, kutoka Mbagala mpaka Mwanza, na nilijivunia ukoo wangu mpaka machozi. Halafu nikakasirika. Kwa nini mapenzi yote hayo yaishie kununua glovu, nyuzi na dripu? Yangebeba uji, khanga safi na mtu wa kulala naye wodini.

"Tukitoa wataila." Haya, tozo ya miamala ya simu ya 2021 hata mimi ilinichefua, na kelele zetu zilifanya ipunguzwe Septemba ya mwaka ule ule. Ilikosewa kwa sababu ilimkata anayemtumia mama yake hela ya dawa. Lakini mwalimu anakatwa asilimia 3 ya bima ya afya na mwajiri wake anaongeza 3, mwenye mshahara wa zaidi ya milioni kwa mwezi anakatwa kodi asilimia 30 ya kinachozidi, wakati sisi wengine Kariakoo tunaambiwa "bila risiti nakupunguzia" na tunakubali. Kwa nini wenye nyumba za kupangisha na maduka makubwa wasitoe zaidi? Hela ikae kwenye mfuko wake, na kila zahanati ibandike ukutani dawa ilizopokea mwezi huo, tuhesabu wenyewe. Sheria ya bima ya afya kwa wote tunayo tangu 2023. Asiye na uwezo atalipiwa na nani kama si kodi?

Hapo mtaniita msaliti, niiteni. Mweka hazina, nimetuma laki tatu sasa hivi. Laki moja iende kwa yule mama wa Rufiji, na binamu msimdai ile 15,000.