Kamera ya kuchagua korosho inaona rangi, mdudu haimwoni

Viwanda vya kubangua korosho Mtwara na Lindi vinashawishiwa kununua mashine za kuchagua kwa kamera na akili unde. Korosho zilizomenywa ngozi ya ndani huteremka kwenye mfereji wa bati, kamera za mbele na nyuma huzipiga picha zikiwa hewani, programu huamua, kisha tundu la hewa ya kompresa huipuliza mbovu pembeni.

Kwa rangi, macho ya mtu hayafui dafu. Aliyekaa mezani tangu asubuhi, ikifika saa kumi nyeupe na iliyoungua kidogo huanza kufanana machoni pake.

Ukubwa ni habari nyingine. Daraja la W320 ni korosho nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. Hiyo ni hesabu ya uzito, na kamera hupima eneo la picha tu: korosho pana iliyo nyembamba hupanda daraja lisilo lake. Pima gramu 454 kila awamu, hesabu. Zikifika 340, rekebisha mashine kabla mnunuzi hajazihesabu yeye.

Hewa ndiyo inayosumbua zaidi. Pwani kuna unyevu. Tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila siku na kikaushio cha hewa kikikosekana, matone hupita kwenye matundu na kulowesha korosho iliyokaushwa hadi asilimia 5. Vumbi la ngozi nalo hushika kioo cha kamera, programu ikaona madoa yasiyokuwepo. Ukimimina nyingi kwa pamoja zinapandiana, na mpulizo mmoja huondoka na mbovu pamoja na jirani zake.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji ajaribu mbele yako: korosho nzuri 1,000 zichanganywe na mbovu 100, zote kutoka ghala lako, wala si za mfuko aliokuja nao. Tuseme imetoa mbovu 90 na kutupa nzuri 30. Ukikaza kipimo itoe 98, huenda nzuri zinazotupwa zikafika 100. Kipi kinakuumiza zaidi, ni hesabu yako na mnunuzi wako.

Wanaopinga mashine wanasema kinamama wachaguaji bado wanahitajika, na wana hoja. Kamera ya kawaida haimwoni mdudu aliyejificha katikati ya nusu mbili, wala hainusi mafuta yaliyochacha. Kiwanda kidogo ambacho korosho zake zinavunjikia kwenye kubangua kianze kwa kurekebisha mvuke na ukaushaji. Kamera haiungi kilichovunjika. Kikubwa kinachouza nyeupe nzima nje kinunue, ila meza ya kurudia zilizopulizwa ibaki na watu, na wasilipwe kwa kilo. Mezani hapo kilo ni chache na kazi ni ngumu kuliko zamani.